Mgonjwa Mshirika wa Jamhuri ya Tamalaki

Wanaosema Jamhuri ya Tamalaki haipo, hawajawahi kupanga foleni katika ofisi zake. Mimi nimepanga, na baadaye nikaajiriwa humo humo, kwa hiyo nitakayoyasimulia nayajua. Nilikuwa Afisa Habari wa Taasisi ya Taifa ya Viungo, jengo refu la vioo lililojengwa kwa ajili ya watu wenye magoti mabovu. Ndiyo maana lilikuwa na ngazi nyingi kuliko jengo lolote nchini. Serikali ilitaka wapate mazoezi.

Kiongozi wetu alikuwa Profesa Ndimila Kasongwa, bingwa wa baridi yabisi, yale maradhi yanayovimbisha viungo na kuvikakamaza mpaka mtu anashindwa kushika kikombe chake cha chai. Hakuna aliyeyajua kama yeye. Aliyajua katika panya, katika sungura, chini ya darubini, na katika lugha kadhaa za kigeni. Sikuwahi kumwona ametaharuki mpaka siku ilipofika barua ya wafadhili.

Wafadhili walisema kwamba hawatagharimia tena utafiti wowote mpaka wagonjwa wawe washirika. Wasiwe watu wa kuchomwa sindano na kuambiwa "nenda, tutakuita." Wakae mezani, waseme kipi kitafitiwe na kwa namna gani.

"Wagonjwa?" Profesa aliuliza, akaivua miwani yake. "Mimi nimetafiti maradhi haya maisha yangu yote, na sijawahi hata siku moja kusumbuliwa na mgonjwa."

Ilibidi aje Waziri wa Afya na Sura Njema ya Taifa kumtuliza. Alikuwa mama mkakamavu ambaye hata akinong'ona, walinzi wa getini walisikia.

"Profesa, usihangaike," alisema. "Nchi hii ina kila kitu. Mgonjwa tutampata. Muhimu awe mgonjwa wa kuaminika."

*

Tangazo likatoka gazetini. Mgonjwa Mshirika alitakiwa awe na shahada, awe na afya njema, aweze kupanda ngazi mpaka ghorofa ya juu kabisa, na asiwe mtu wa kulalamika. Baada ya usaili mkali akashinda Bwana Chrispin Mageta, ambaye kwa bahati tu alikuwa shemeji yake Waziri. Bwana Mageta alikuwa golikipa wa timu ya maveterani wa Wizara, mtu wa kifua kipana na viganja kama sinia. Watu wenye husuda walinong'ona, lakini mimi nilikuwapo siku anaapishwa na niliguswa sana.

"Mimi, Chrispin Mageta," alisema akiwa amenyoosha mkono juu, kitu ambacho wagonjwa wengi wa baridi yabisi hawawezi, "naapa kwamba nitaugua kwa uaminifu na uadilifu, bila upendeleo kwa kiungo chochote."

Na kweli hakupendelea. Mkutano wa kwanza alikuja akichechemea mguu wa kulia, wa pili akachechemea wa kushoto. Profesa alifurahi sana, akaandika makala kuthibitisha kwamba ugonjwa huo unahama.

Mambo yalikwenda vizuri hivyo mpaka wafadhili walipomtuma mjumbe wao, mama mmoja mwembamba mwenye viatu vya raba, aliyejifunza Kiswahili mpaka akawa anatukosoa. Alipanda ngazi zote, akakaa, akamgeukia Bwana Mageta.

"Pole na maumivu, ndugu. Asubuhi unapoamka, viungo vinakuwaje?"

"Vinakuwa vizito kidogo," Bwana Mageta alijibu. "Lakini nikishazunguka uwanja mara kadhaa, vinachangamka."

Wakapeana mkono kuagana. Nikasikia kitu kikilia "ka!" Yule mama akautazama mkono wake kwa muda, akijaribu kidole kimoja kimoja.

"Nitarudi," alisema. "Safari ijayo nitapenda kukutana na mgonjwa mwingine. Ikiwezekana, anayeumwa."

Waziri alikasirika. Alisema huko ni kuingilia mambo ya ndani ya nchi huru. Hata hivyo akaniagiza nishuke kliniki nikamtafute mgonjwa.

*

Kliniki ilikuwa nyuma ya jengo, karibu na jenereta. Sikuwa nimewahi kufika. Watu walikuwa wamekaa kwenye mabenchi ya zege, kimya, kila mmoja ameilaza mikono yake mapajani kwa uangalifu, kama mtu aliyepakata mtoto wa mwenzake.

Nikamwamkia mama mmoja aliyekuwa mwisho wa benchi. Vidole vyake vyote vilikuwa vimeinamia upande mmoja, kama watu wanaochungulia ajali barabarani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mmekuja kutufukuza?"

"Hapana, mama. Nimekuja kukualika uwe mshirika wa utafiti."

"Mimi si nimo tayari kwenye huo utafiti? Nilipewa vidonge vya majaribio, vile vya Nyooka."

"Ndiyo, mama, lakini huko ulikuwa kama kifaa. Sasa utakuwa mtu."

"Hee!" akawageukia wenzake. "Jamani, nimepandishwa cheo!"

Benchi zima likacheka, kwa tahadhari, maana hata kucheka kulikuwa kunawauma mabega. Mama huyo aliitwa Bi. Sikudhani Lubawa. Alikuwa msusi. Kwa miaka mingi saluni yake ya Kichangani ilisuka maharusi wa mji mzima, mpaka vidole vilipoanza kuvimba, na mteja mmoja akatoka na nywele zilizosukwa nusu kichwa kwa sababu msusi alikuwa amekaa chini analia. Tangu hapo saluni ilifungwa.

"Huko mezani kwenu," aliniuliza, "mtu anaruhusiwa kusema?"

"Kwa idhini ya mwenyekiti."

"Basi nakuja. Nina neno nimekaa nalo. Kila nikimwambia nesi, ananiambia yeye kazi yake ni kupima presha."

*

Lifti ya Taasisi ilikuwa mbovu tangu siku ilipozinduliwa. Walinzi wakambeba Bi. Sikudhani kwenye kiti cha Profesa, ngazi kwa ngazi, naye akipunga mkono kila ghorofa kama bibi harusi. Tulipofika juu, mjumbe wa wafadhili hakuwapo. Wizara ilikuwa imempeleka kuangalia viboko, ili mkutano uwe huru.

Profesa alisimama kutoa matokeo ya majaribio ya Nyooka.

"Waheshimiwa, matokeo ni ya kihistoria. Wagonjwa wote waliopewa vidonge hivi tumewapima upya. Madhara: hakuna. Si kichefuchefu, si kizunguzungu, si hata upele. Haijapata kutokea duniani dawa salama kiasi hiki."

Ukumbi ukapiga makofi.

"Na nafuu?" aliuliza Waziri.

"Nafuu pia hakuna. Kwa hiyo napendekeza utafiti ufungwe kwa mafanikio, na shehena iliyobaki ichomwe moto kwa heshima zote, siku ya Sherehe ya Ushirikiano, mbele ya Mtukufu Rais."

Hapo Bi. Sikudhani akainua mkono, nusu, mpaka ulipokubali kufika.

"Samahani, Profesa. Hiyo dawa, nani aliimeza?"

"Ninyi, mama. Mlipewa vichupa."

"Vichupa tulipewa. Vina vifuniko vya kubonyeza huku unazungusha, ili watoto wasifungue. Mimi na wenzangu wa benchi, hatuwezi. Nimejaribu kwa meno, nimejaribu kwa kisu, nimekigonga sakafuni mpaka mpangaji wa chini akaja juu kulalamika. Kimekataa. Wagonjwa wenu wote, Profesa, wana vichupa vilivyojaa."

Profesa akatazama vidole vyake mwenyewe, akavikunja na kuvikunjua.

"Mimi tu, mwanzoni, nilikuwa na jirani yangu, Bi. Pili, akinifungulia," Bi. Sikudhani aliendelea. "Zile wiki alizonifungulia nilimeza. Nikashika chanuo. Waheshimiwa, nilishika chanuo nikajichana mwenyewe! Halafu Bi. Pili akahamia kwa mwanawe. Kwa hiyo nawaomba, msiichome. Badilisheni kifuniko tu."

Nilifikiri Profesa angeruka kwa furaha. Alifungua mdomo, nadhani alitaka kusema jambo, lakini Waziri alimwahi.

"Tunamshukuru sana mama yetu kwa mchango wake. Suala hili ni zito na halikuwamo katika ajenda. Naunda hapa hapa Kamati ya Taifa ya Kifuniko, chini ya uenyekiti wa Bwana Mageta, mwenye uzoefu wa kushika vitu. Kamati itazitembelea nchi zilizoendelea kujifunza wenzetu wanafunikaje. Wakati huo sherehe itaendelea kama ilivyopangwa, kwa sababu fulana zimekwisha kuchapwa."

Katika muhtasari wa mkutano iliandikwa: Mgonjwa Mshirika alitoa shukrani.

Niliteremka na Bi. Sikudhani. Walinzi walikuwa wamekwenda kula, kwa hiyo alishuka kwa miguu yake, akikaa kila baada ya vidato vichache. Kwenye kidato cha mwisho alikaa muda mrefu.

"Nimekuwa mtu asubuhi moja tu," alisema. Machozi yalimtoka, naye hakuweza kuyafuta vizuri, nikampa leso, akaishika kwa viganja viwili. "Wakiichoma ile dawa, mwanangu, mimi nitalishwa kwa kijiko mpaka siku ya kufa. Hiyo sherehe ni ya wazi?"

"Ni ya wazi kwa wenye kadi ya mwaliko, mama."

"Mgonjwa Mshirika ana kadi?"

Nilitazama ratiba ya sherehe. Alikuwa nayo. Tena alikuwa amepangiwa kiti cha mbele, kwa ajili ya picha.

*

Sherehe ya Ushirikiano ilifanyika kwenye viwanja vya Taasisi. Shehena ya vidonge ilirundikwa, kuni zikapangwa, moto ukawashwa pembeni. Kamati ya Kifuniko ilikuwa imerudi kutoka ng'ambo na kutoa taarifa ya awali, kwamba huko vifuniko vipo. Mjumbe wa wafadhili alikaa jukwaani amevishwa fulana iliyoandikwa MGONJWA NI BOSI.

Mtukufu Rais akawasili. Hapa lazima niwafafanulie wageni sheria zetu. Kwa mujibu wa Sheria ya Siha ya Rais, Mtukufu haumwi. Hajapata mafua wala chunusi. Anavaa glavu nyeupe majira yote, na wananchi tunajua ni kwa ajili ya heshima ya kiti. Nyaraka zake hutiwa sahihi kwa muhuri, na tunajua ni kwa ajili ya kuokoa wino.

Alitakiwa afungue kichupa cha kwanza na kukimwaga motoni. Waziri akampa kichupa kwenye sahani ya fedha. Mtukufu akakizungusha. Glavu ikateleza. Akakizungusha tena. Kisha, jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kuliona, akavua glavu.

Bendi iliona kuna haja ya kupiga. Ikapiga wimbo mzima wa kumtukuza, ikaumaliza, ikauanza upya. Mtukufu alikuwa bado anazungusha. Jasho lilikuwa likimtiririka kwenye nyusi. Mkuu wa Majeshi, ambaye huvunja matofali kwa kichwa kila sikukuu ya uhuru, alikuwa amesimama hatua moja tu kutoka kwake, lakini alitazama angani. Nani athubutu kufungua kitu kilichomshinda Rais? Huo ni uhaini. Bwana Mageta aliikalia mikono yake yote miwili, isije ikamponza.

Bi. Sikudhani ndiye aliyeinuka. Polepole, kwa kushika bega la Profesa, ambaye alikuwa ameduwaa hata akashindwa kukataa. Askari wakasogea. Mjumbe wa wafadhili naye akasogea mbele ya askari, akawauliza kwa Kiswahili safi kama wao pia ni washirika. Wakatazamana, na wakati wanatazamana Bi. Sikudhani alikuwa amekwisha kufika.

"Usikikabe hivyo, Mtukufu," alisema. "Utaumia kidole gumba. Lete hapa. Mlango wa karibu uko wapi?"

Mlango wa karibu ulikuwa wa gari la Rais. Bi. Sikudhani akakibana kichwa cha kichupa kwenye bawaba, akaushindilia mlango kwa nyonga, na kuzungusha kichupa kwa viganja viwili. Kikalia "paa!" Vidonge vikatawanyika kwenye zulia jekundu.

"Ungeniambia mapema kwamba mbinu ni mlango, nisingekuwa nimeshinda na kichupa hiki mbele za watu," alisema Mtukufu, kwa sauti ndogo.

"Leo ndiyo nimeifikiria. Kwangu mlango ni pazia." Halafu akaitazama mikono ya Rais. Ilikuwa imevimba vifundo, na vidole vyote vimeinamia upande mmoja. Akasahau sheria. "Pole, baba. Pole sana."

Katika utawala wake wote hakuna aliyewahi kumwambia Mtukufu pole, kwa sababu kisheria hakuna kilichowahi kumpata. Alisimama pale, midomo ikimcheza, kama mtu anayetafuta neno la lugha aliyoisahau.

"Asante," alisema. "Asubuhi ndiyo mbaya zaidi. Nashindwa hata kifungo cha shati. Mke wangu ndiye anayenivika, halafu nakuja kuwahutubia kuhusu kujitegemea."

Alidhani ananong'ona. Lakini alikuwa amesimama karibu na kipaza sauti, na redio ya taifa ilikuwa hewani. Mpaka wauza karanga wa mikoani walisikia.

"Zimeni huo moto," akasema Mtukufu.

*

Siku iliyofuata Wizara ilitoa taarifa, niliyoiandika mimi, kwamba Mtukufu Rais haumwi, bali alionyesha mshikamano. Wananchi waliielewa taarifa hiyo kwa namna yao. Nyooka ikafungashwa upya kwenye vikopo vyenye mfuniko wa kufunua tu, majaribio yakaanza upya, na baada ya wiki kadhaa Bi. Sikudhani alikuja kliniki amevaa gauni lenye vifungo. Alimwonyesha kila mtu kwenye benchi, kifungo kimoja kimoja, kuanzia shingoni.

Ila lilizuka tatizo ambalo sayansi haikulitarajia. Baridi yabisi iliwashambulia viongozi. Waziri alianza kulalamikia kiwiko. Mkuu wa Majeshi alikuja kazini na mkongojo wa mpingo. Profesa mwenyewe alianza kuchechemea, na Bwana Mageta, kama mgonjwa mkongwe, alifungua darasa la kuwafundisha wengine. Mtukufu alipotangaza kwamba ataunda Baraza la Wagonjwa Washirika litakaloamua mustakabali wa utafiti, na kwamba yeye mwenyewe ataketi humo, idadi ya waliougua ghafla wizarani iliwatisha hata madaktari.

Siku ya mkutano wa kwanza wa Baraza ukumbi ulijaa suti na mikongojo. Safari hii tulikuwa ghorofa ya chini. Bi. Sikudhani na wenzake wachache wa benchi walifika mapema, lakini viti vya mbele vilikuwa na majina ya wagonjwa waandamizi, wakasukumwa mpaka nyuma kabisa, karibu na ndoo za usafi.

"Tulieni tu," aliwaambia wenzake. "Kusema tutasema. Sauti zetu hazijavimba."

Mlango ukafunguliwa. Mtukufu Rais akaingia, bila glavu, akitembea taratibu. Na kama ilivyo ada, ukumbi mzima ukasimama. Wa! Kwa mpigo mmoja, kama askari wa gwaride. Mkuu wa Majeshi aliruka juu kwa nguvu mpaka mkongojo ukaangukia safu ya nyuma. Waziri alikuwa amekwisha kusimama na kupiga saluti kwa kile kiwiko.

Huko nyuma, karibu na ndoo, Bi. Sikudhani na wenzake walikuwa bado wanahangaika. Mmoja ameshika ukuta. Mwingine ameinuka nusu akabaki hapo. Bi. Sikudhani alikuwa anajisukuma kwa kiganja kwenye goti.

Mtukufu aliutazama ukumbi. Akawatazama waliosimama, safu baada ya safu. Akawatazama wale wa nyuma.

"Ninyi mliosimama," alisema, "hongereni sana. Mmepona. Rudini kazini."

Tukatoka. Na mimi pia nilikuwa nimesimama. Kule nje Profesa aliegemea ukuta, ameusahau mguu wake uliokuwa unachechemea, akiniuliza kwa huzuni ya kweli kama kuna uwezekano wa kuugua tena. Kutoka ndani tulisikia viti vikiburutwa kwenda mbele. Halafu mazungumzo ya chini chini. Halafu vicheko, na nadhani kimoja kilikuwa cha Mtukufu, ingawa sikuwa na uhakika, kwa kuwa kilikuwa hakijawahi kusikika.

Mlango ulipofunguliwa, wa kwanza kutoka alikuwa Bi. Sikudhani. Profesa akamkimbilia.

"Mama, mmeamua nini?"

"Tumeamua kliniki ifunguliwe saa nne. Mnatuita alfajiri, saa ambayo hatuwezi hata kujifunua shuka."

"Lakini huo si utafiti!"

"Na tumeamua uendelee na Nyooka, wewe mwenyewe. Hatukuona mwingine anayeyajua maradhi haya kama wewe." Akamtazama. "Ila utakuwa unakuja kwanza kutuuliza."

"Kuwauliza nini?"

"Anzia popote, Profesa. Kama watu wanavyoulizana."

Bingwa wa baridi yabisi wa Jamhuri ya Tamalaki akaitoa kalamu, akairudisha mfukoni, akakohoa. Katika maisha yake alikuwa amewauliza panya mambo mengi.

"Bi. Sikudhani," alisema hatimaye, "umeamkaje leo?"

"Vibaya," alijibu. "Kaa nikusimulie."

Na Profesa akakaa.